Volti ya rejea moja, bodi nne: bafa inaongeza nguvu, haiongezi ukweli

"Habari fundi. Nina bodi nne za ATmega328, nataka zote zitumie volti ya rejea moja ya 2.5 ili visomo vyake vilingane. Nimeitengeneza kwa rizista mbili za 10k kutoka 5V ya USB, nikipima na multimita napata 2.50 safi kabisa. Nikiunganisha AREF (pini za kuingizia volti ya rejea) za bodi zote nne inashuka mpaka 1.5 na kitu. Kuna pia komparita (chipu ya kulinganisha volti mbili) ya LM393 inayochukua volti hiyohiyo kupitia 10k, ina rizista ya 100k inayorudi kutoka kwenye autputi yake, na kila ikibadilika visomo vya bodi zote vinaruka. Rafiki akaniambia niweke LM358 kama bafa, volti ikarudi 2.5 lakini visomo bado vinacheza, nikaongeza kapasita ya 10 µF kwenye autputi ya bafa ili itulie, ikawa mbaya zaidi. Sasa nafikiria kuchukua LM324 kila bodi ipate bafa yake. Nitakuwa nimetatua au napoteza muda?"

Ndugu yangu, asante kwa kueleza vizuri namna hii, maana ukitaja thamani za rizista na namba za chipu mtu anaweza kukaa na kalamu akaona kinachoendelea bila hata kuigusa bodi yako. Na nilichokiona ni kwamba una matatizo matatu yamejisokota pamoja mpaka yanaonekana kama moja. La kwanza, chanzo chako cha 2.5 ni dhaifu. La pili, opampu yako, yaani ile LM358, haipendi ile kapasita. La tatu, ambalo hujalitaja lakini ndo kubwa kuliko yote, hiyo 2.5 yenyewe sio ya kuaminika. LM324 haitatibu la pili wala la tatu, kwa sababu ndani yake ni opampu nne za ukoo uleule wa LM358, na la kwanza umeshalitibu kwa bafa moja.

Tuanze na multimita maana hapo ndo wengi wanapopotea. Rizista mbili za 10k zikigawanya 5V zinakupa 2.5 kweli, ila kwa anayechota pale katikati ni kama kuna rizista ya 5k imekaa njiani (10k mbili kwa sambamba). Multimita ya kawaida ya dijitali ina ukinzani wa megaomu 10 hivi kwa hiyo haichoti kitu, ukiipima unaona 2.50 na unafurahi. Lakini AREF ya ATmega328 sio sikio tu la kusikiliza volti, datashiti inaipa ukinzani wa 32k kwa kawaida. Bodi moja ikiunganishwa, 2.5 yako inakuwa 2.5 × 32 ÷ 37, yaani kama 2.16. Bodi nne kwa sambamba ni 8k, unapata 2.5 × 8 ÷ 13 ambayo ni 1.54, ndo ile "1.5 na kitu" uliyoiona. Hakuna kilichoungua wala bodi mbovu, ni hesabu tu ya mgawanyo.

Na komparita nayo usiidharau. Inputi ya LM393 yenyewe inakunywa nanoampia chache tu, haina shida. Shida ni ile 100k inayorudi kutoka autputi, ile iliyowekwa makusudi ili komparita isiwake na kuzima ovyo ikikaa kwenye mpaka. Autputi ikitoka 0 kwenda 5V, mkondo unapita kwenye 100k, halafu 10k, halafu unaingia kwenye volti yako ya rejea. Kwa chanzo chenye 5k na mizigo yako minne sambamba nayo, ukinzani wa pale ni kama 3k, na mruko unaoupata pale ni zaidi ya milivolti 130. ADC, ile sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba kwa kuilinganisha na rejea, ikiwa ya biti 10 kwa rejea ya 2.5 ina stepu ya milivolti 2.44. Kwa hiyo kila komparita ikibadili mawazo bodi zote nne zinapigwa teke kubwa tu, wala sio kelele ya bahati mbaya, ni saketi inafanya ulichoiambia ifanye.

Hapo kwenye udhaifu wa chanzo rafiki yako alikushauri vizuri kabisa, bafa ni dawa sahihi. Ile opampu uliyorudisha autputi yake moja kwa moja kwenye inputi ya minasi inafanya kazi moja, inalinganisha inputi zake mbili na kusukuma autputi mpaka zilingane. Ichukulie volti ya rejea kama mzee anayeongea kwa sauti ya chini mbele ya mkutano na pembeni yake yuko mtu anayerudia maneno yake kwa sauti kubwa, mzee hachoki na watu wote wanasikia. Inputi ya LM358 inachukua kama nanoampia 45 tu kwa kawaida, ukizidisha na 5k ni milivolti 0.2, ndogo kabisa. Na upande wa autputi bodi zako nne zinahitaji mikroampia 78 kila moja, jumla kama 312, opampu hata haitoki jasho. Ila yule mtu akimsikia mzee vibaya, mkutano mzima unapata neno baya kwa sauti kubwa. Hilo nalirudia mbele.

Sasa kwa nini visomo vinacheza, na kwa nini kapasita imezidisha?

Watu wengi wanaamini kapasita ikiongezwa popote inatuliza. Kwenye njia ya pawa mara nyingi ni kweli. Kwenye autputi ya opampu si kweli. Opampu inajirekebisha kwa kuangalia mrejesho wake, na ina ukinzani wake wa ndani kwenye autputi, mamia ya omu kwa hizi za bei rahisi. Ukining'iniza kapasita pale, ukinzani ule wa ndani na kapasita vinatengeneza ucheleweshaji, opampu inasukuma, haioni matokeo haraka, inasukuma zaidi, halafu matokeo yanafika yameshapitiliza, inavuta kurudi, inapitiliza tena upande wa pili. Ucheleweshaji ukiwa mkubwa vya kutosha mrejesho uliokuwa unarekebisha unageuka kuwa unachochea na umejitengenezea osileta (saketi inayotoa mawimbi yenyewe) bila kujua. Datashiti ya LM358 inasema wazi kwamba ikiwa bafa ya geini (ukuzaji) ya moja inavumilia pikofaradi 50 hivi moja kwa moja. Wewe umeipa mikrofaradi 10, mara laki mbili ya hiyo! Hata kabla ya kapasita hiyo ulikuwa tayari uko nje ya mstari, maana mita moja tu ya waya wa koaksio ina pikofaradi kama 100, na bodi nyingi tayari zina kapasita ya nanofaradi 100 pale kwenye AREF. Kwa hiyo bodi nne zilikuwa zinaning'iniza nanofaradi 400 kwenye bafa yako na wewe huzioni. Nina uhakika mkubwa hapo ndo penye ule mchezo wa visomo.

Na hapa multimita itakudanganya mara ya pili, itakuonyesha 2.50 tulivu kwa sababu inasoma wastani. Ni osiloskopu peke yake itakayokuonyesha wimbi linalocheza juu ya ile 2.5. Tumia probu ya mara 10, maana ya mara 1 inaongeza kapasitansi yake na inaweza kuibadilisha tabia ya kitu chenyewe unachokipima.

Usizitoe kapasita za AREF lakini. Zina kazi. ADC inapobadilisha inachota chaji kwa mikupuo mifupi ya haraka, na bafa ina nguvu kwa mambo ya polepole tu. Geini ya LM358 inashuka kadiri masafa yanavyopanda, ukifika kilohezi 100 imebaki kama 10 au chini, kwa hiyo ule uimara wa autputi unaotokana na mrejesho unakuwa umeyeyuka. Mikupuo ya haraka inatakiwa ihudumiwe na kapasita iliyokaa pale pale kwenye pini, na bafa inakuja nyuma taratibu kuijaza. Unachotakiwa kufanya ni kuwatenganisha hao wawili: kati ya bafa na kila kapasita weka rizista ndogo. Kwa kesi yako ningeweka 47 omu kwa kila bodi, kila moja na njia yake kutoka kwenye autputi ya bafa, halafu 1 µF ya seramiki sambamba na ile nanofaradi 100 karibu kabisa na AREF ya kila bodi. Kwa masafa ya juu opampu sasa inaona rizista badala ya kapasita tupu na inatulia. Na una faida ya pili ya bure, bodi moja ikikupua, mkupuo wake unapita 47 omu mbili na kapasita ya jirani kabla haujamfikia jirani.

Bei ya hiyo rizista nakuambia bila kuficha: mikroampia 78 kwenye 47 omu inadondosha milivolti 3.7, ni kama asilimia 0.15. Ukiweka 100 omu inakuwa 7.8, ukiweka 10 omu inakuwa 0.8 tu ila utenganisho kati ya bodi na bodi unapungua. Kwa biti 10 hiyo 3.7 haifiki stepu mbili hata ukiwa juu kabisa ya kipimo, na kwa kuwa mzigo haubadilikibadiliki sana dondoko linabaki lilelile, pima pale kwenye pini ya AREF yenyewe na uandike namba hiyo kwenye programu. Kuna mbinu nyingine ambapo mrejesho unachukuliwa baada ya rizista kupitia 10k na kapasita ndogo inatoka autputi ya opampu moja kwa moja kwenda inputi ya minasi, dondoko linafutika kabisa, masharti ni kwamba ukizidisha hiyo 10k na kapasita yake jibu liwe kubwa kuliko rizista ya kutenganisha mara kapasita ya mzigo. Ni mbinu nzuri sana, ila inasahihisha sehemu moja tu, wewe una nne, kwa hiyo hapa siipendekezi.

Sasa nirudi kwa yule mzee. Bafa inakili. Kama anachokisema chanzo sio kweli, bafa inakisambaza kwa uaminifu wote. Na chanzo chako ni 5V ya USB kwenye rizista mbili. Kwa viwango vya USB 2.0 poti ya kompyuta inaruhusiwa kutoa kuanzia 4.75 mpaka 5.25, kwa hiyo 2.5 yako ina haki ya kuwa popote kati ya 2.375 na 2.625, ni asilimia 5 juu na chini, karibu stepu 50 za ADC yako ukiwa juu ya kipimo. Kompyuta ikibanwa na kazi, kebo ndefu, LED ikiwaka, vyote vinaingia kwenye kipimo. Rizista za asilimia 1 zenyewe zinaweza kuongeza kosa la milivolti 25 zikiwa zimekosea pande tofauti. Ukilinganisha na hayo, ofseti ya LM358 (kosa dogo kati ya inputi zake mbili) ambayo watu wanailalamikia sana, milivolti 7 ikiwa mbaya kabisa, ni kama stepu tatu tu na haihamihami sana na joto. Nimeona watu wananunua opampu ya gharama yenye ofseti ya mikrovolti 10 wakaiweka mbele ya mgawanyo wa USB, na kiukweli inaniuma kuona hivyo, hela imeenda pasipo na tatizo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: badilisha chanzo kwanza, ndipo uulize kama unahitaji bafa. Chukua LM4040 ya 2.5V. Ni chipu inayofanya kazi kama zena (diodi ya kushikilia volti) lakini nzuri mno, daraja la A ni asilimia 0.1, la B 0.2, la C 0.5, la D asilimia 1. Inataka rizista moja tu kutoka 5V. Ukiweka 2.2k unapata miliampia 1.14, bodi zako nne zinachukua 0.31, inabaki 0.8 na ushee kwa LM4040 yenyewe ambayo inaridhika na chini ya 0.1. Hesabu imejaa. Na imetengenezwa ivumilie kapasita yoyote utakayoiwekea, hakuna ile habari ya kuchezacheza. Yaani kwa kazi yako, bodi nne na komparita moja, kuna uwezekano mkubwa huhitaji bafa hata kidogo. Hata ile komparita ikibadilika inakuta chanzo chenye ukinzani wa chini ya omu chache badala ya 3k, mruko wa milivolti 130 unashuka mpaka sehemu ya milivolti moja.

Ukiwa na TL431 tu itafaa pia, ila kumbuka mambo mawili, inataka angalau miliampia 1 yake yenyewe kwa hiyo rizista iwe kama 1k, na ina eneo la katikati la thamani za kapasita ambapo nayo inaanza kuosileti, kuna grafu yake kwenye datashiti, iangalie kabla hujaweka kitu. Na kama mizigo ni mingi zaidi, kuna chipu za rejea zinazosukuma zenyewe, REF5025 kwa mfano inatoa mpaka miliampia 10, hapo bafa inakuwa kitu cha ziada.

Basi bafa nyingi zinafaa lini? Zinafaa pale tawi moja ni chafu na lingine ni nyeti, mfano ADC ya biti 16 inayoshiriki rejea na komparita, pale stepu ni mikrovolti 38 na hakuna nafasi ya kuvumiliana. Au pale tawi moja likipigwa shoti hutaki mengine yafe. Lakini ujue kila opampu ina ofseti yake hata zikiwa kwenye ganda moja, kwa hiyo ukiweka LM324 bodi zako nne zinaweza kupata 2.5 nne tofauti kwa milivolti kadhaa, na wewe lengo lako ulisema ni visomo vilingane! Kwa lengo hilo chanzo kimoja kilichogawanywa kwa rizista zinazofanana ni bora kuliko bafa nne. Tahadhari nyingine kwa watakaosoma na wana 4.096: LM358 na LM324 zikiwa kwenye 5V zinafika kama 3.5 tu, hazitaweza kuipitisha, tafuta opampu inayofika mpaka kwenye reli, yaani karibu na volti ya pawa yenyewe. Na usiokote NE5534 ukaifanya bafa, imetengenezwa kwa geini ya 3 kwenda juu, kwa geini ya moja bila kapasita yake ya nje haitulii.

Kuna kitu hujauliza ila bodi nne zinanilazimisha nikiseme, nacho ni grandi. Volti ya rejea ni tofauti kati ya nyaya mbili, watu wanahangaika na mmoja tu. Kama grandi ya bodi ya mwisho inapita waya mwembamba wenye omu 0.1 na humo humo inapita miliampia 100 za relei, bodi hiyo grandi yake imeinuka milivolti 10, yaani stepu nne, na hakuna bafa duniani itakayoliona hilo kwa sababu bafa inapima kutoka grandi yake yenyewe. Peleka kila bodi waya wake wa grandi mpaka sehemu moja pale ilipo LM4040, mikondo ya relei na LED ipite njia nyingine. Bodi zikiwa mbali sana, mita kadhaa, mimi ningeacha kabisa kusafirisha rejea na kuipa kila bodi LM4040 yake ya daraja la A, kutolingana kwa asilimia 0.2 ikiwa mbaya kabisa ni afadhali kuliko grandi inayoyumba.

Jiulize pia kama unachopima ni potenshiomita au kihisi kinachotoa sehemu ya volti ya pawa yake. Kama ndivyo, huhitaji 2.5 kabisa, tumia AVCC (pawa ya ADC yenyewe) kama rejea na kihisi kilishwe na hiyo hiyo AVCC, pawa ikiyumba vyote vinayumba pamoja na jibu linabaki palepale.

Kabla hujawasha hakikisha programu ya kila bodi inaita analogReference kwa EXTERNAL kabla ya kusoma chochote. Ukisoma kwanza, chipu inaunganisha AVCC au rejea ya ndani na pini ya AREF, hapo bafa yako na 5V vinavutana ndani ya chipu na vinaweza kuharibika. Ile 47 omu haitoshi kukulinda na hilo. Na bodi isiwe imezimwa huku AREF ina volti, zote ziwashwe na kuzimwa pamoja.

Anza hivi: toa kapasita ya 10 µF, toa LM358, weka LM4040 na 2.2k, unganisha bodi moja, pima kwenye pini, halafu ongeza moja moja huku unaandika namba. Kila bodi ikiongezwa ishuke kidogo sana, milivolti moja au chini. Bodi ambayo ikiingia namba inadondoka ghafla, hiyo ina shida yake, labda programu, labda waya. Komparita iwe ya mwisho. Ukifanya hayo na visomo bado vinacheza na huna osiloskopu, usiendelee kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, beba bodi zote na pawa yake uende kwa fundi au maabara ya chuo yenye osiloskopu, wataona tatizo haraka kuliko wiki nzima ya kukisia. Na kama katika hizo bodi kuna yoyote inayogusa mwili wa mtu, au iliyounganishwa na umeme wa ukutani bila transfoma ya kutenganisha, simama hapo hapo na umtafute mtu mwenye uzoefu wa vifaa hivyo aikague mbele yako kabla hujaiwasha tena.